Barua ya wazi kwa wakubwa wa Tanga: mji uliochapa gazeti la Kiongozi enzi za Mjerumani leo hauna gazeti, na yale ya zamani tumefungia karanga

Kwako Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga, kwako Ndugu Mkurugenzi wa Jiji, na kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa pamoja na wenye dhamana ya maktaba yetu ya mkoa,

Shikamoni wakubwa. Assalamu aleikum kwa wa kwetu, Bwana asifiwe kwa wengine, na kwa wale wa salamu za kiserikali, kazi iendelee. Mie ni mtu wa Ngamiani, nina kiduka cha steshenari, kutwa nzima nafotokopi vyeti vya kuzaliwa na barua za serikali ya mtaa, sio mwandishi wa habari wala sina chama, kwa hiyo msianze kuulizana nimetumwa na nani. Nimetumwa na baba yangu, na yeye keshatangulia mbele za haki.

Baba aliuza magazeti mjini hapa tangu mie sijazaliwa mpaka miguu ilipomkatalia. Meza yake ilikuwa ya mbao za sanduku, mguu mmoja umefungwa waya, na juu ya kila rundo kuna jiwe la tumbawe alilookota mwenyewe ufukweni, maana kusi ikianza kuvuma ukizubaa unakuta Uhuru zako zote zipo mtaroni. Magazeti yalikuja na basi la Dar, yanafika jua limeshapinda, na watu washaanza kusogea mdogo mdogo wakijifanya wana safari zao. Sheria ya baba ilikuwa moja tu, vichwa vya habari bure, ukifungua umenunua. Sasa kuna mabingwa walikuwa wanachuchumaa wasome mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa wa mbele, halafu wanainua ncha ya karatasi kwa kidole kama vile ni upepo, baba anakohoa, wanaiachia. Asiye na hela kamili alikuwa anatoa kidogo, anakaa kwenye benchi anasoma, analirudisha limekunjwa vilevile kama lilivyokuja, na kazi yangu mie utotoni ilikuwa kukagua kama ukurasa wa michezo bado umo. Siku Coastal imecheza huo ukurasa ulikuwa unapotea hivi hivi unaona.

Halafu likishanunuliwa ndio linaanza safari. Linaenda barazani, pale kwenye kahawa na kashata, na hapo mtu mmoja anasoma kwa sauti na wengine kumi wanasikiliza, na wengine kati ya hao kumi hawajui kusoma lakini ndio wabishi kuliko wote. Msomaji akiruka habari anashikwa, "hiyo ya bei ya mchele mbona umeipita?" Jioni gazeti lile lile liko nyumbani kwa mtu, mke anasoma tanzia na hadithi, mtoto anakata picha apeleke shule kwenye gazeti la ukutani. Wiki ijayo lipo sokoni limefungiwa dagaa. Yaani nakala moja ilikuwa inahudumia mtaa mzima halafu inakufa kifo cha heshima.

Baba alikuwa na jambo lake jingine ambalo sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Alikuwa na kaunta buku kubwa lenye jalada jeusi, na kila akiona habari imeanza na maneno "Na Mwandishi Wetu, Tanga" anaikata kwa wembe anaibandika humo kwa gundi ya uji wa muhogo. Nilimuuliza siku moja kwa nini asikate za Bunge au za vita vya huko duniani, akaniambia za huko zitawekwa na wenyewe. Hilo buku ninalo mpaka leo. Mende wameshatafuna pembe lakini linasomeka, na ukilifungua kitu cha kwanza kinachokupiga ni wembamba wake, yaani kuna mwaka mzima haujajaza kurasa nne. Mwaka mzima wa mji wenye bandari, reli, viwanda, mashamba ya mkonge, timu mbili za mpira, halafu kurasa nne! Na ukiangalia ni habari gani, ni waziri kaja, moto umewaka godauni, basi limepinduka, Coastal kachukua ubingwa 1988 (hiyo baba kaizungushia wino mwekundu mara tatu), waziri kaja tena. Tulikuwa tunatokea gazetini tukiungua au tukitembelewa.

Ndio maana siku nilipokuja kujua habari za Kiongozi nilikasirika kwa niaba yake, maana mzee kafa hajui kwamba huu mji wake anaoukatia vipande ulishawahi kuwa unachapa gazeti la Kiswahili linalosomwa nchi nzima.

Wakubwa wangu naomba mnivumilie hapa nieleze kidogo, maana nimeuliza watu wengi mjini na wengi wanadhani Kiongozi ni lile la Wakatoliki. Lile ni la baadaye, la miaka ya 50. Hili ninalosema mie lilikuwa linatoka hapa hapa Tanga enzi za Mjerumani, mwaka 1905 lilikuwa tayari lipo mikononi mwa watu, linachapwa kwenye mitambo ya shule ya serikali waliyoijenga hapa mjini, ambapo vijana weusi walikuwa wanafundishwa kazi ya uchapaji, kupanga herufi moja moja za risasi kwa mkono, tena kinyumenyume. Lilikuwa linatoka kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa hati hizi za kizungu na sio za Kiarabu ambazo wazee wetu wa pwani ndio walikuwa wamezizoea. Mapadri wa UMCA, misheni ya Waanglikana, kule Magila, Muheza, walishatangulia miaka ya 1890 na kijarida chao Habari za Mwezi, lakini kile kilikuwa cha kanisa. Na Dar? Pwani na Bara la wamisheni wa kule lilianza 1910. Tulikuwa mbele jamani, na wala sisemi kwa kujikweza ni tarehe tu.

Tusidanganyane lakini, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, mhariri mzungu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu walipe kodi, walime wanachotaka wao na wamwombee Kaisari maisha marefu. Mwaka huo huo wa 1905 vita ya Maji Maji ya kumpinga Mjerumani ikawaka kule kusini, na hamtarajii gazeti la Mjerumani limsifie Kinjeketile, mganga wa vita hiyo. Hayo nayajua. Ila ndani yake kulikuwa na kitu ambacho mhariri hakukiumba yeye, nacho ni barua. Walimu, makarani, maakida, watu wa miji ya pwani na watu wa bara walikuwa wanaandika hapa Tanga kuelezea kwao kuna nini, mvua imenyesha au haikunyesha, nani kafa, simba kala watu wangapi, sherehe ilikuwaje, na mashairi pia walituma maana Mswahili ukimpa ukurasa mtupu lazima atie vina. Mtu wa Tabora anaandika, linachapwa Tanga, anasoma mtu wa Lindi ambaye maishani mwake hatamwona huyo wa Tabora, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Sisi leo tukisema Kiswahili kimeunganisha nchi tunaanza kusimulia kuanzia TANU, lakini hiyo posta ya maneno ilishapita hapa kwetu mapema sana, kwenye karatasi iliyokunjwa Tanga.

Walowezi nao walikuwa na lao la Kijerumani, Usambara-Post, limejaa bei za mkonge na malalamiko ya wenye mashamba kwamba vibarua hawapatikani. Kwa hiyo mji huu mdogo ulikuwa na magazeti mawili. 1916 Waingereza wakaingia mjini, miaka miwili baada ya ile vita ya nyuki ya Novemba 1914 waliyopigwa ikabidi warudi melini, na yote mawili yakafa mwaka huo. Tangu hapo magazeti makubwa ya Kiswahili yakawa ya Dar. Mambo Leo likaanza 1923, la serikali, la Dar, na huko ndiko Shaaban Robert wetu alikopeleka mashairi yake, mtoto wa Vibambani kabisa, hatua chache kutoka hapa, ili asomwe na jirani yake wa Machui ilibidi shairi liende Dar kwanza lirudi. Mie hilo huwa linanichekesha na kunitia uchungu kwa pamoja. Yakaja Mwafrika, Ngurumo, Uhuru, yakaja Majira na Nipashe na Mwananchi, yote mazuri na baba ametulisha kwayo, ila yote yalishuka kwenye basi.

Sasa nije kwenu. Najua mtasema hizo ni hadithi za wazee, leo watu wana simu. Sawa. Niambieni basi mambo makubwa yanayotokea hapa mjini tunayajuaje?

Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia hapa Chongoleani. Bandari imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi mita 13 ili meli zifunge gatini badala ya kushusha mizigo kwenye matishari kule nje. Mamlaka yetu ya maji imekwenda soko la mitaji 2024 ikauza hatifungani ya kijani, yaani ikakopa kwa watu kwa ajili ya mradi wenye faida kwa mazingira, ya zaidi ya shilingi bilioni 53, ya kwanza ya aina yake nchini kwa mamlaka ya maji, na watu wakanunua zaidi ya iliyokuwa inatakiwa. Hii ni mipango ambayo miji mingine inaiota. Nenda sasa hapo sokoni Ngamiani umuulize muuza nazi hatifungani ni nini na hilo deni linalipwaje na bili yake ya maji inahusika vipi, halafu uniletee jibu. Hajui, na si kwa ujinga, hajaelezwa na mtu mwenye nafasi ya kumweleza taratibu, leo kidogo kesho kidogo, kwa mifano ya mtaani kwake. Magazeti ya Dar yaliandika siku ya uzinduzi, picha ya viongozi wamekata utepe, basi. Mwandishi wao wa hapa analipwa kwa stori, stori ikitoka, kwa hiyo atapeleka ile ambayo mhariri wa Dar ataitaka, na mhariri wa Dar hataki kujua bomba la mtaa wa Makorora limepasuka tangu Alhamisi.

(Na tukiwa hapo hapo, hao vijana waandishi wa mkoani muwahurumie. Wengine tunawasema kwa ile bahasha ya nauli baada ya semina, na kweli bahasha inaharibu, ila mtu anayelipwa kwa stori moja moja na stori tano kati ya sita zinatupwa, ale nini?)

Kilichobaki ni magrupu ya wasapu. Mie nipo kwenye manne, moja la mtaa, moja la wafanyabiashara, moja la msikiti na moja la familia ambalo nimelinyamazisha. Kuna siku kwenye la wafanyabiashara imetumwa sauti, mtu anahema, anasema jumatatu alfajiri tingatinga linakuja kuvunja fremu zote za upande wetu, ametumiwa na mtu wa ndani kabisa. Jumapili usiku ile mngekuja mngelia. Watu wanahamisha mali gizani, bajaji zimepandisha bei mara tatu, jirani yangu wa vyombo kavunja seti mbili za sahani kwenye haraka hiyo, mie nikafungua mashine ya fotokopi nikaipakia kwenye mkokoteni na ilipofika nyumbani ikawa haivuti karatasi sawasawa, mpaka leo inavuta mbili mbili. Jumatatu ikaja, ikapita, hakuja hata mtu wa kutuuliza hali. Na nani alisema? Hajulikani. Sauti ilitoka kwenye grupu lingine ambalo nalo lililetewa. Gazeti likikosea lina jina la mhariri chini na lina mlango, unakwenda unagonga unasema nyie mmenitia hasara, na kesho yake kwenye kona fulani wanakuandikia samahani. Sauti ya wasapu utaigonga wapi.

Mtasema redio zipo. Zipo, nazisikiliza, vijana wa redio za hapa wanajitahidi na wengine ni wateja wangu. Ila redio huwezi kuifotokopi. Mama akija dukani kwangu anataka ushahidi kwamba mwaka fulani kiwanja cha fulani kilitangazwa, nimtolee nini, mawimbi?

Na hapo ndipo panaponiuma hasa, wacha niseme. Mjomba wangu mmoja alifariki akaacha nyumba hapa Ngamiani. Ndugu mmoja wa upande wa pili akaenda akafungua mirathi kimya kimya, na utaratibu unataka itangazwe, na ikatangazwa kweli, kwenye gazeti moja la Dar, ndani huko, kijisanduku ukubwa wa kiberiti. Kwa jinsi ninavyoijua biashara hii, wiki hiyo nakala za gazeti lile zilizoshuka hapa mjini zingeweza kubebwa kwapani. Hakuna aliyeliona, si mjane, si watoto, si mie niliyezaliwa kwenye karatasi za magazeti. Tumekuja kusikia siku zishapita na jina la msimamizi lishathibitishwa. Ilituchukua zaidi ya miaka miwili kurekebisha, nauli, wakili, ndugu hawasalimiani. Simtaji mtu wala ofisi wala gazeti, kwa sababu wote walifuata utaratibu. Tangazo lilitolewa. Lilitolewa tu mahali ambapo wahusika hawapo.

Na sio mirathi peke yake. Zabuni za jiji, minada ya nyumba, mabadiliko ya matumizi ya ardhi, nafasi za kazi, yote yanatangazwa huko huko. Mnalipa, najua mnalipa, risiti za matangazo nazifotokopi mwenyewe. Ile hela inapanda basi inakwenda Dar na tangazo linarudi na magazeti machache. Zamani mngeweza kusema mikono yenu imefungwa, matangazo ya serikali yanaratibiwa na Maelezo, ile idara ya habari ya serikali, lakini 2023 Bunge liliporekebisha ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kifungu hicho kiliondolewa. Kwa hiyo sasa ni uamuzi wenu.

Ninachoomba kwa kweli sio kikubwa. Siwaambii mwanzishe gazeti la jiji, Mungu apishe mbali, tutasoma picha za madiwani kila siku. Gazeti waanzishe watu. Wapo vijana hapa wamesomea uandishi na wanauza vocha. Lisiwe la kila siku kwanza, liwe la wiki, kurasa nane, hata lichapwe Dar mwanzoni kama mtambo haupo, leseni ile ya kuhuisha kila mwaka wataihangaikia. Nyie mnachoweza kufanya ni kusema hadharani kwamba siku likiwepo gazeti la Tanga lenye leseni, tangazo lolote linalowahusu watu wa Tanga litapita humo pamoja na huko linakopita sasa. Basi hilo tu. Mfanyabiashara yeyote akijua kuna mteja mmoja wa uhakika ataweka mtaji. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya jiji inayokopeshwa vikundi, ile 4 ya vijana, sio lazima kila kikundi kipewe bodaboda na mashine ya kufyatua matofali, kikundi cha kuandika nacho ni kikundi.

Halafu maktaba. Ile maktaba yetu ya mkoa, ambayo wazee bado wanaiita King George, ni jengo zuri kuliko mengi ya mjini hapa. Nimekwenda mara kadhaa kuuliza magazeti ya zamani na wahudumu ni wastaarabu, hawana kosa. Sheria inawataka wachapaji wapeleke nakala maktaba ya taifa, na maktaba ya taifa iko Dar, kwa hiyo mwanafunzi wa Usagara au Galanos akitaka kuandika habari za mji wake mwenyewe apande basi kama gazeti. Mkitenga chumba kimoja, kikavu, chenye rafu za chuma sio za mbao kwa sababu ya mchwa, na mtu mmoja wa kufunga magazeti kwa miezi na kuyaandika kwenye daftari, mtashangaa watu watakavyoleta. Kwenye nyumba za Tanga kuna magazeti mengi sana chini ya magodoro na juu ya makabati, yanaondoka kidogo kidogo kwa kilo. Mie mwenyewe mwaka jana nilinunua karanga za kuchemsha pale karibu na Mkwakwani, nilipomaliza nikafungua ile karatasi, ni kipande cha Uhuru cha Oktoba 1999, msiba wa Mwalimu, picha ya watu wamepanga foleni imelowa maji ya chumvi. Nikamrudia yule kijana nikamuuliza zingine ziko wapi, akanionyesha rundo, nikanunua rundo zima. Akanipa na karanga za nyongeza, akadhani nimerukwa na akili.

Na Kiongozi lenyewe. Nakala zake kadhaa zimebaki Ujerumani kwenye maktaba zao, zimetunzwa, hatuwezi kuwalaumu kwa kutunza. Siombi watupe karatasi zenyewe, hata tukipewa leo tutaziweka wapi. Naomba barua moja tu iandikwe, yenye muhuri wa jiji, kwenda huko, kuomba picha zake za kwenye kompyuta. Nyie mna watu wa itifaki, mna wageni wa Kijerumani wanakuja kila mara kuangalia majengo ya babu zao na kupiga picha pale kwenye Boma la zamani walipoweka makumbusho ya Urithi. Mmojawao aelezwe. Akileta, mie nitachapa nakala ya kwanza kwa gharama zangu, karatasi na wino, nitaigonga jalada gumu, hata kwa mashine hii inayovuta mbili mbili. Iwekwe pale mezani watoto wafungue wasome barua za watu walioandika hapa kabla babu zao hawajazaliwa. Wataona Kiswahili chao kilivyokuwa, na wataona mahali walipodanganywa pia, hiyo nayo ni elimu.

Sijui barua hii itasomwa na nani. Najua zinavyokwenda, inaingia masijala inapigwa mhuri inawekwa kwenye faili la "maoni ya wananchi". Nimeifotokopi nakala sita kabla ya kuileta, moja nimeibandika kwenye kaunta buku la baba, ukurasa wa mwisho uliobaki, na kwa mkono wangu juu yake nimeandika Na Mwandishi Wetu, Tanga.

Rundo la karanga lipo dukani, maboksi mawili ya baba yapo darini nyumbani, kuna Uhuru za Aprili 1984 za msiba wa Sokoine, kuna Mzalendo, kuna mengine sijayafungua kwa kuogopa yatakatika. Chumba kikipatikana nayaleta yote siku hiyo hiyo na mkokoteni nalipa mwenyewe. Nipo dukani kila siku mpaka saa kumi na mbili jioni, ijumaa nafunga saa sita.

Wenu mtiifu,
Mtoto wa muuza magazeti, Ngamiani, Tanga